Makaburi Yasiyo na Wenyewe ni ya Nani?



Watu wanaopendana sana twawaita marafiki wa kufa na kuzikana. Twasema neno hilo kila siku, wala hatusimami kulifikiri. Lakini tukilitazama vizuri tutaona kwamba kwa watu wawili peke yao haliwezi kutimia. Mimi na wewe twaweza kusaidiana, kukopeshana, kutembeleana na kusameheana, kila mmoja akimtendea mwenzake na kutendewa naye. Kuzikana hatuwezi. Mmoja wetu atatangulia, na yule atakayebaki atamzika. Yeye naye, siku yake itakapofika, atazikwa na mtu mwingine. Aliyetangulia hatarudi kulipa.

Je, neno hili ni la uongo? Sivyo. Wawili hawawezi kuzikana, lakini kijiji chaweza. Leo mimi namchimbia kaburi baba yako, kesho wewe unabeba jeneza la mama yangu, na kesho kutwa watoto wa jirani watatuzika sisi sote. Hilo ni deni la namna yake. Halilipwi kwa yule aliyetukopesha, bali kwa mwingine anayekuja nyuma. Asiyeishi kati ya watu hawezi kulilipa, wala hawezi kulipwa.

Napenda tulitafakari neno hili kwa sababu ya makaburi ya mitaa yetu ya shamba, hasa yale ya zamani yaliyo nyuma ya makanisa. Sote twayajua. Upande mmoja kuna makaburi mapya, yamesafishwa na mengine yametiwa vigae. Upande wa pili ni msitu. Ukiingia ndani unajikwaa kwenye jiwe, na ndipo unapotambua kwamba umesimama juu ya mtu. Ukiuliza ni nani, wazee hutikisa kichwa na kusema, "Hao ni wa zamani, hawana wenyewe." Jibu hilo twalipokea kana kwamba limemaliza maneno. Mimi nadhani ndipo maneno yanapoanza. Kaburi lisilo na wenyewe ni la nani?

KABURI LA NYUMBANI NA KABURI LA WOTE

Katika nchi yetu watu wengi huzikwa nyumbani, katika shamba la ukoo. Kule Kilimanjaro hupandwa masale penye kaburi na penye mpaka, na kila apitaye hujua kwamba mahali hapo si pa kuchezea. Kaburi la namna hiyo halihitaji halmashauri wala mchango. Mtoto anapopalilia migomba hupalilia na kaburi la babu yake. Tena kaburi lenyewe ni kama hati: hapa walilala watu wetu, hapa ni petu.

Makaburi ya pamoja yalikuja kwa njia nyingine. Yalikuja palipokusanyika watu waliokuwa mbali na kwao. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga walifika manamba kutoka nchi za mbali, wakakata mkonge, na wengine hawakurudi. Yalikuja mijini. Na yalikuja penye misioni, kwa maana misioni nyingi za pwani zilianza na watu waliopotezwa na koo zao.

Hata kazi ya Kanisa letu ya CMS katika pwani hii ilianza na kaburi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo huo mkewe Rosina akafa, na mtoto wao mchanga naye akafa, wakazikwa upande wa bara. Kabla hajapata mwanafunzi wa kumfundisha, Krapf alikuwa na kaburi la kutunza, katika nchi ambayo hakuwa na ndugu ndani yake.

KIJIJI CHA WATU WASIO NA UKOO

Mfano mzuri kupita yote ni Mbweni, kusini ya mji wa Unguja. Mwaka 1871, katika siku za Askofu Tozer, misioni ya UMCA ilinunua shamba pale. Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa ingali ikiendelea. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Unguja mpaka mwaka 1897. Manowari za Kiingereza zilikamata majahazi baharini, na watu waliotolewa humo wakakabidhiwa misioni. Watu wazima wakapewa nyumba ndogo na kipande cha kulima pale Mbweni. Wasichana wakatiwa katika shule ya Mtakatifu Maria, ambayo Bibi Caroline Thackeray, aliyefika Unguja mwaka 1877, aliiongoza kwa miaka mingi. Kanisa la Mtakatifu Yohana likajengwa, na lilikuwa limekwisha simama mwaka 1882. Kando ya kanisa ndipo palipo makaburi.

Sasa tuwafikirie wale watu waliotoka majahazini. Mmoja alikuwa Myao, mwingine wa Nyasa, mwingine Mmakua. Walikuwa wametekwa wakiwa wadogo au wameuzwa kwa deni au kwa njaa. Wengi hawakujua njia ya kurudi kwao. Mwaka 1876 Askofu Steere alipochukua baadhi ya watu wa namna hiyo kuwapeleka bara, ndipo ulipoanza mji wa Masasi. Lakini wengi walibaki Unguja mpaka kufa.

Utumwa ulikuwa na mateso mengi ya mwili. Lakini kwa mtu wetu wa Afrika kulikuwa na msiba mmoja zaidi usioonekana kwa macho. Mtumwa hakuwa na mtu wa kumzika. Aliyefia njiani katika msafara aliachwa njiani, na aliyefia jahazini alitupwa baharini. Kukosa kaburi ndiko kulikokuwa mwisho wa kukosa ukoo. Kwa hiyo watu wale walipopewa kipande cha ardhi cha kuzikiana, hawakupewa kitu kidogo. Walipewa tena jambo ambalo mtumwa hawezi kuwa nalo, yaani watu watakaomwita kwa jina lake siku ya kifo chake na kumlaza penye mahali panapojulikana.

Sisemi kwamba misioni ile haikuwa na kasoro. Wakazi waliishi chini ya amri za misioni, na aliyeasi aliweza kufukuzwa. Lakini ahadi ya kaburi ilikuwa kweli. Bibi Thackeray mwenyewe, alipofariki mwaka 1926 baada ya karibu miaka hamsini, alizikwa pale pale, katika udongo mmoja na wale aliowafundisha.

Mambo kama hayo yalikuwako Frere Town karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na CMS mwaka 1875 kwa ajili ya waliokombolewa. Na kabla yake tuna mfano mwingine unaojulikana kote. David Livingstone alipokufa katika nchi ya Chitambo, mwaka 1873, waliokuwa naye ni Waafrika. Jacob Wainwright, aliyekuwa mtumwa akakombolewa na kusomeshwa Nasik katika Bara Hindi, ndiye aliyesoma ibada ya maziko moyo wa marehemu ulipozikwa, na ndiye aliyechonga jina lake katika mti. Kisha akina Chuma na Susi wakauchukua mwili mpaka pwani, safari ya miezi mingi, hata ukazikwa Westminster Abbey mwaka 1874. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, na Susi mwaka 1891. Kaburi la aliyebebwa lajulikana na dunia nzima. Makaburi ya waliombeba, ni wangapi kati yetu wawezao kuonyesha yalipo?

WASEMAO KWAMBA HAINA HAJA

Najua kwamba wako Wakristo wazuri watakaonijibu kwa maneno mazito, na yafaa tuyasikilize kwa haki.

Wa kwanza husema kwamba marehemu hayumo kaburini. Yuko mikononi mwa Mungu, na kilichobaki ni udongo. Kufyeka majani hakumwongezei kitu, na kuyaacha hakumpunguzii. Neno hili ni la kweli. Wakristo wa kwanza waliofia baharini au kuliwa na wanyama hawakukosa ufufuo kwa kukosa kaburi.

Wa pili humkumbuka Bwana wetu mwenyewe, alipomwambia mtu aliyetaka kwanza kwenda kumzika baba yake kwamba awaachie wafu kazi ya kuzika wafu, na yeye aende kuhubiri.

Wa tatu huuliza habari ya fedha. Zahanati haina dawa, mtoto wa mjane hana ada ya shule, paa la kanisa linavuja, nasi tukachangie makaburi?

Nianze na huyu wa tatu, kwa sababu swali lake ni la huruma. Kama kweli tungelazimika kuchagua kati ya dawa ya mtoto na jiwe la kaburi, ningesema mara moja tununue dawa. Lakini tutazame mambo yalivyo. Makaburi ya zamani yahitaji mikono kuliko fedha. Watu ishirini wenye mapanga na majembe, asubuhi moja, wafanya kazi ambayo hakuna fundi wa kulipwa angeifanya vizuri zaidi. Fedha nyingi hazipotei kwa wafu wasio na wenyewe. Zinapotea kwa wafu wenye wenyewe. Ni saruji, vigae, marumaru na chakula cha matanga, tena mara nyingi mtu yule yule alipokuwa mgonjwa hakupata mtu wa kumnunulia vidonge. Bwana Yesu aliwakemea watu waliopamba makaburi ya manabii huku wakifuata njia za wale waliowaua. Basi tukitaka kuokoa fedha, tuziokoe huko.

Neno la pili, la kuwaachia wafu wazike wafu, lilisemwa kwa mtu aliyetafuta udhuru wa kuchelewesha wito. Halikusemwa ili kudharau maziko. Bwana yule yule alikubali kupakwa marhamu na mwanamke kwa ajili ya maziko yake, akasema kwamba tendo lile ni jema. Na alipokufa alizikwa katika kaburi la mtu mwingine, Yusufu wa Arimathaya, ambaye hakuwa ndugu yake. Kumbe hata Mwokozi wetu alizikwa na mtu baki.

Neno la kwanza ndilo gumu. Kama mfu hapati faida, twafanya kwa ajili ya nani? Wengine hujibu haraka kwamba twafanya kwa ajili yetu wenyewe tulio hai, ili tupate faraja na mahali pa kukumbukia. Jibu hilo lafaa kwa kaburi la mama yangu. Kwa kaburi la mtu nisiyemjua halifai, kwa kuwa silihitaji kwa faraja, wala sina la kukumbuka. Yatubidi tutafute sababu nyingine.

DENI NA URITHI

Tukitazama vizuri, watu huzika kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni damu. Namzika ndugu yangu kwa kuwa ni wangu. Hilo hata asiye na dini hulifanya.

Ya pili ni hofu ya zamu. Katika vijiji vyetu mtu asiyekwenda kwenye misiba ya wenzake huonywa: "Wewe huziki watu, siku yako utazikwa na nani?" Onyo hilo si la mchezo. Wako waliopatwa na msiba wakajikuta wamesusiwa, wakachimba kaburi peke yao na watoto wao. Desturi hii imetunza vijiji vyetu, hata Mkristo na Mwislamu hushika sururu moja na kupokezana katika shimo moja. Twaishukuru. Lakini msingi wake ni hesabu: nimekuja kwako ili uje kwangu.

Sasa makaburi ya wasio na wenyewe hayaingii katika damu wala katika hesabu. Si ndugu zetu, na hawawezi kuja kwetu. Ndiyo maana yamekuwa msitu. Hatukuyaacha kwa ubaya. Tuliyaacha kwa sababu zile sababu mbili tulizozizoea hazifiki pale.

Iko sababu ya tatu, nayo ni ahadi. Kanisa lilipompokea mtu aliyetoka jahazini, au manamba aliyebatizwa mbali na kwao, au mjane aliyekimbilia misioni, halikumpa maji tu. Lilimwambia kwamba tangu leo wewe una watu. Huna ukoo, sisi tu ukoo wako. Naye akaamini, akalima, akasali, akatoa sadaka yake, akazaa watoto, akafa, akazikwa. Je, ahadi hufa anapokufa aliyeahidiwa? Mimi nikimwahidi baba yangu katika saa yake ya mwisho kwamba nitamlea mdogo wangu, kisha baba akafa, nani atasema kwamba nimefunguliwa? Hata mtoto mdogo ajua kwamba ahadi kwa marehemu yashika kuliko zote, kwa maana aliyeipokea hana tena uwezo wa kuidai.

Tena mtu asiseme kwamba ahadi ile ilitolewa na mapadre wa zamani, si na sisi. Je, kanisa tunalosali ndani yake lilijengwa na nani? Kengele tunayopiga, shamba la minazi linalolipa gharama za mtaa, kiwanja cha shule, hata nyimbo tunazoimba, tulizipata kwa nani? Kwa hao hao waliolala nyuma ya kanisa. Wao ndio waliochoma chokaa na kubeba mawe. Katika sheria na katika desturi zetu, mrithi hawezi kuchukua shamba la marehemu na kukataa deni lake. Akipokea kimoja amepokea na kingine. Sisi tumekwisha pokea urithi. Kwa hiyo makaburi yasiyo na wenyewe yana wenyewe, nao ni sisi.

Maandiko nayo yana habari za wageni na makaburi. Ibrahimu alipofiwa na Sara katika nchi asiyokuwa na haki ndani yake, hakukubali kupewa kaburi bure. Alilinunua shamba lenye pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, mbele ya mashahidi. Tobiti, akiwa mateka Ninawi, alizika watu wa taifa lake waliouawa na kutupwa, ingawa ilimtia hatarini. Na zile fedha 30 ambazo Yuda alizirudisha, wakuu wa makuhani walisema si halali kuzitia katika sanduku la hekalu, wakanunua shamba la mfinyanzi liwe mahali pa kuzikia wageni. Hata watu waliokuwa wamemsaliti Bwana wetu walijua kwamba mgeni hana budi kuwa na mahali pa kulazwa. Sisi tulio wake tutajua pungufu ya hapo?

JINA

Liko jambo moja linalonitia uchungu katika makaburi ya misioni za zamani. Watu wa kutoka Ulaya mara nyingi waliwekewa jiwe lenye jina na tarehe. Wenyeji wengi waliwekewa msalaba wa mti. Jiwe lingali likisomeka. Msalaba uliliwa na mchwa kabla mtoto wa marehemu hajaoa. Nani aliyekuwa na nia mbaya? Labda hakuna. Lakini matokeo yake ni kwamba mmoja bado ana jina na mwingine hana.

Jambo hili lilifanyika hata kwa ukubwa zaidi. Katika Vita Kuu ya kwanza maelfu kwa maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi. Askofu Frank Weston wa Zanzibar mwenyewe aliongoza kikosi cha wapagazi kutoka Unguja mwaka 1916, akatembea nao. Wapagazi wengi sana walikufa kwa homa, kuhara na uchovu. Mwaka 1917 Waingereza waliunda tume ya makaburi ya vita, yenye kanuni nzuri kwamba wafu wote ni sawa bila kutazama cheo, rangi wala dini. Lakini katika Afrika ya Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa. Mzungu alipata kaburi na jina, na mpagazi alihesabiwa katika sanamu ya pamoja. Mwaka 2021 tume hiyo ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufika 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa.

Tukisoma habari hiyo twakasirika, na ni haki yetu. Lakini kabla ya kuinyoshea serikali ya mbali kidole, twende nyuma ya kanisa letu tukatazame. Pale hakuna mkoloni anayetuzuia kuandika majina.

KAZI YENYEWE

Basi tufanye nini? Nitasema mambo machache ambayo mtaa wowote wa shamba waweza kuyafanya.

Daftari lije kwanza, kabla ya panga. Yatafutwe majina katika daftari la maziko la mtaa. Kisha wazee, hasa akina mama wazee, waombwe kutembea pamoja na kijana mwenye daftari na kalamu. Mahali wasipoliona kaburi, huenda wakakumbuka mti: "Hapa chini ya mwembe alilala mkunga wetu." Iandikwe hivyo hivyo. Ichorwe ramani yenye mistari na namba. Nakala moja ikae kwa padre na nyingine katika ofisi ya dayosisi, kwa maana mchwa hawachagui karatasi. Kazi hii haingoji. Kila mzee tunayemzika leo azikwa pamoja na majina ambayo hakuulizwa.

Pili ni mpaka. Kiwanja kipimwe na kiwe na hati, pembe zake zitiwe alama, na upandwe ua wa minyaa au mti mwingine usioliwa na mbuzi. Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 1969 inayoruhusu makaburi kuhamishwa ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma. Penye orodha ya majina na watu wanaojulikana kuyatunza, watatajwa na kusikilizwa. Penye msitu usio na daftari, nani atasimama kusema kwamba hapa pana watu?

Tatu ni kufyeka, mara mbili kwa mwaka: mara moja masika yakiisha, na mara ya pili kabla ya Novemba. Majani yafyekwe, yasichomwe moto, kwa kuwa moto hula misalaba na kupasua mawe. Miche ya mitini na mingine yenye mizizi mikali ing'olewe ingali midogo. Mti uliokwisha kuwa mkubwa juu ya kaburi using'olewe, maana utainuka na kaburi zima. Ukatwe, na kisiki kiachwe kioze.

Nne ni mawe. Makaburi ya zamani ya pwani yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Yakipasuka, watu huyapaka saruji wakidhani wanayatia nguvu. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Hufungia maji ndani, na baada ya miaka michache jiwe hubomoka nyuma yake. Chokaa hutengenezwa kwa chokaa. Wala maandishi yasisuguliwe kwa brashi ya waya. Maji na kitambaa vyatosha.

Tano ni alama. Hatuwezi kumjengea kila mtu, wala haifai. Kigingi kidogo cha zege chenye namba iliyo katika daftari chatosha, na vyote viwe sawa. Misalaba ya chuma itazamwe, kwa kuwa wako watu wanaoing'oa usiku na kuiuza kama chuma chakavu.

Na watoto wa Jumapili waje pia. Wapewe kila mmoja kaburi moja na jina moja la kulisoma kwa sauti. Mtoto aliyepalilia kaburi la mtu asiye ndugu yake amefundishwa jambo ambalo mahubiri mengi hayamfundishi.

ZAMU YETU

Askofu Weston alifariki huko Hegongo tarehe 2 Novemba mwaka 1924, yaani Siku ya Marehemu Wote. Siku hiyo husomwa majina madhabahuni. Kila mtu huleta majina ya watu wake, na padre huyasoma, orodha ndefu, na kila mmoja hutega sikio asikie ya kwake. Nashauri kwamba mwaka huu halmashauri ya mtaa ilete orodha yake yenyewe, ya wale wasio na mtu wa kuwaletea. Isomwe kwanza, kabla ya zetu. Pasipo na jina itajwe namba ya kaburi, nasi tutajua kwamba Mungu analo jina.

Wale waliolala chini ya msitu ule wamekwisha fanya zamu yao. Waliwazika waliowatangulia, tena walizikana bila damu kuwaunganisha, kwa imani tu kwamba wamekuwa watu wa nyumba moja. Deni walilotuachia hatuwezi kuwarudishia, ila twaweza kulilipa pale walipolala, na watakaokuja nyuma yetu watalilipa kwetu. Siku moja sisi nasi tutakuwa "wa zamani". Wajukuu wetu watahamia mijini na ng'ambo, na jina letu litasomwa na mtu asiyetujua.

Jumamosi iliyo kabla ya Siku ya Marehemu Wote, baada ya sala ya asubuhi, tukutane nyuma ya kanisa. Wanaume walete mapanga na majembe, akina mama walete mafagio na ndoo za maji, na anayejua kuandika vizuri alete daftari.